Daftari la Hewa ya Nchi: Moshi wa Miwa Yetu Huandikwa kwa Nani?



Katika somo lililopita tulijifunza kuweka daftari la shamba: upande huu mapato, upande huu matumizi, na mwisho wa mwezi kujumlisha. Mwezi huu nataka tufungue daftari lingine, ambalo wewe mwenyewe huliandika kila siku bila kushika kalamu. Ni daftari la hewa ya nchi yetu. Kila eka ya miwa ichomwayo, kila mfuko wa yurea umwagwao, kila ng'ombe acheuaye chini ya mti, huhesabiwa humo, na jumla yake hupelekwa na Serikali mbele ya mataifa mengine kwa jina la Kenya.

Labda utasema, "Bwana Karani, mimi nina eka tano tu hapa skimu ya Muhoroni. Moshi wangu utaifikiaje dunia?" Swali hilo ni la haki, na somo lote hili ni jawabu lake. Soma polepole, na ukiwa na mtoto wa shule nyumbani mwite akusaidie hesabu, maana leo tutapiga hesabu.

GESI TATU

Dunia yetu hufunikwa na hewa kama mtu afunikwavyo na blanketi usiku. Zimo ndani ya hewa gesi chache ambazo huzuia joto lisirudi juu. Tunaziita gesijoto. Bila hizo tungeganda kwa baridi. Zikizidi, tunazidi kupata joto. Mkulima anahusika hasa na tatu. Ya kwanza ni hewa ya ukaa, itokayo kila mahali penye moto na mafuta. Ya pili ni methani, itokayo tumboni mwa ng'ombe, mbuzi na kondoo, na penye matope na taka zinazooza bila kupata hewa, na pia katika moto wa majani. Ya tatu ni naitrasi oksidi, ambayo hutoka udongoni baada ya kutia mbolea.

Nguvu zake si sawa. Kilo moja ya methani hupasha dunia joto kama kilo 28 za hewa ya ukaa katika muda wa miaka 100. Kilo moja ya naitrasi oksidi ni kama kilo 265. Kwa hiyo wataalamu hufanya kama mfanyabiashara wa Busia: kabla ya kujumlisha, hubadili shilingi za Uganda ziwe za Kenya. Gesi zote hubadilishwa ziwe kilo za hewa ya ukaa. Nami katika somo hili nitaziita "kilo za daftari", tusichanganyikiwe.

Sasa, kwa nini tujisumbue? Kwa kila digrii moja ya joto inayoongezeka, hewa huweza kubeba mvuke zaidi kwa karibu asilimia 7, na mvuke huo siku ukishuka, hushuka kwa pamoja. Ndugu zetu wa Ahero na uwanda wa Kano wanaujua Mto Nyando ukikasirika. Mwezi wa Mei 2020 Ziwa Victoria lilipanda hata likafikia kimo cha mwaka 1964, ambacho wazee walidhani hawatakiona tena. Sisemi kwamba kila furiko limeletwa na gesi. Mvua kubwa za mwaka 1961 zilikuja kabla ya moshi mwingi wa leo. Nasema hewa yenye joto huongeza uzito wa mvua iliyokuwa ije.

KANUNI YA DAFTARI

Mwaka 1992 mataifa yalikubaliana Mkataba wa Mabadiliko ya Tabianchi, na Kenya ikauthibitisha mwaka 1994. Chini ya mkataba huo kila nchi huweka hesabu ya gesi zake. Kanuni yake ni moja, na yafaa uishike vizuri: gesi huandikwa katika daftari la nchi ambamo imetokea. Haiulizwi ni nani aliyekula kilichopikwa. Huulizwa tu, moto uliwaka wapi?

Tuchukue chai ya milima ya Nandi na Kericho. Imetiwa mbolea hapa, imekaushwa hapa kwa kuni, kisha imesafirishwa Uingereza. Gesi ya mbolea na ya kuni imebaki katika daftari la Kenya, ingawa kikombe kimenywewa London. Waingereza wao huandikiwa gesi ya kuchemshia birika tu. Mafuta ya meli na ndege zinazovuka mipaka, kama zile zibebazo maua, hayaingii katika jumla ya nchi yoyote. Huandikwa pembeni, kama deni ambalo hakuna aliyekubali kulilipa.

Tuje kwenye yurea. Kenya haina kiwanda cha yurea. Mifuko huja kwa meli. Kuitengeneza kunahitaji gesi asilia nyingi, na moshi wake huandikwa katika daftari la nchi yenye kiwanda. Lakini gesi inayotoka baada ya wewe kuimwaga shambani ni yetu. Mfuko mmoja, madaftari mawili.

Na sukari je? Hapa ndipo penye somo kubwa kwa watu wa Muhoroni. Mtakumbuka mwaka 2023. Kuanzia Julai viwanda vya magharibi ya nchi vilisimamishwa kusaga kwa miezi kadhaa, kwa kuwa miwa iliyobaki mashambani ilikuwa michanga. Sukari nyingi ikaagizwa kutoka nchi za nje. Sasa piga hesabu kwa kanuni ile. Miezi hiyo huku kwetu miwa michache ilichomwa, matrekta machache yalikwenda viwandani. Ukitazama daftari la Kenya kwa haraka utaona gesi ya miwa imepungua, ukadhani tumefanya vizuri. Je, tulipunguza sukari katika chai yetu? Hata kidogo. Tuliendelea kunywa kama kawaida, na moto wa kuipata sukari hiyo uliwaka katika nchi nyingine na kuandikwa kwao. Daftari lilipendeza, mifuko ya wakulima ikawa mitupu, na hewa ya dunia haikupata nafuu yoyote.

Kwa sababu hiyo wataalamu wengine wameanza daftari la pili, la matumizi. Hilo huuliza swali la mama wa nyumbani: nani amekula? Gesi ya kitu kilichonunuliwa nje huongezwa kwa mnunuzi, na ya kitu kilichouzwa nje huondolewa kwa muuzaji. Uingereza imepunguza gesi zinazotokea ndani ya nchi yake kwa karibu nusu tangu mwaka 1990, na ni jambo la kusifiwa. Lakini ukihesabu na vitu inavyonunua kutoka nchi nyingine, upungufu wake ni mdogo zaidi, maana viwanda vingi vilivyokuwa vikitoa moshi kwao sasa vinautoa kwa wengine. Daftari hili la pili si la kisheria. Lakini mimi naona kwamba mtu akitaka kuamua kesi kwa haki, asome yote mawili.

UKURASA WA MKULIMA NDIO MREFU

Jumla ya Kenya ni kiasi gani? Katika ahadi yake ya Desemba 2020 chini ya Mapatano ya Paris, Serikali ilieleza kwamba mwaka 2015 nchi ilitoa tani milioni 93.7 za daftari. Iliahidi kwamba kufikia mwaka 2030 jumla itakuwa chini kwa asilimia 32 kuliko tani milioni 143 ambazo zingefikiwa kama hakuna lililofanyika. Ukigawanya zile milioni 93.7 kwa watu wa nchi, kila mmoja anapata kama tani 2 kwa mwaka. Dunia nzima hutoa zaidi ya tani bilioni 50. Katika kila tani 1,000, zetu hazifiki 2.

Basi sisi si wachafuzi wakubwa. Lakini tazama daftari letu kwa ndani. Katika nchi za viwanda ukurasa mrefu ni wa umeme, magari na makaa ya mawe. Kwetu umeme mwingi watoka katika mvuke wa ardhini wa Olkaria, upepo wa Turkana na maji kama yale ya Sondu-Miriu. Ni kweli kwamba hapa hapa Muhoroni pana mtambo wa KenGen uchomao mafuta, ulioletwa kutoka Embakasi mwaka 2016, nao huongeza mistari yake katika daftari kila unapowashwa. Hata hivyo ukurasa wa umeme ni mfupi. Kama robo tatu ya gesi yote ya Kenya hutoka katika kilimo, mifugo na ardhi, yaani misitu inayokatwa. Ndiyo kusema daftari la nchi hii huandikwa zaidi na watu wa vijiji na skimu kuliko watu wa viwanda.

Hilo huwashangaza wengi. Mtu husimama sokoni Muhoroni, akaona moshi wa bomba la kiwanda cha sukari, akasema, "Huyo ndiye mchafuzi." Lakini tanuri la kiwanda huchoma makapi ya miwa. Hewa ya ukaa itokayo humo ilivutwa na miwa yenyewe kutoka hewani ilipokuwa ikikua, na miwa mipya itaivuta tena. Kwa hiyo kanuni haiihesabu katika jumla ya nchi. (Vumbi na masizi yanayoanguka juu ya nguo zilizoanikwa ni shauri lingine, wala sitetei.) Lakini ng'ombe aliyelala chini ya mwembe bila moshi wowote huhesabiwa barabara. Kila anapocheua, methani hutoka mdomoni mwake.

HESABU ZA SHAMBANI

Tuanze na dizeli, kwa kuwa ndiyo rahisi. Lita moja ikichomwa hutoa kama kilo 2.7. Mtoto wa shule atapinga: lita yenyewe haifiki kilo moja, itatoaje karibu tatu? Ni kwa sababu ukaa uliomo ndani ya mafuta huungana na oksijeni ya hewani, na oksijeni ndiyo yenye uzito mkubwa. Weka lita hii ya dizeli kama jiwe la mizani, tutapimia mengine.

Kuchoma miwa kabla ya kukata. Hewa ya ukaa ya majani hayo haihesabiwi, kwa sababu ile ile ya makapi. Lakini moto wa majani hutoa pia methani na naitrasi oksidi, na hizo huhesabiwa. Kwa vipimo vya mwongozo wa kimataifa, eka moja ikichomwa mara moja hutoa kama kilo 250 za daftari. Ni sawa na kuchoma zaidi ya lita 90 za dizeli. Tena moto huo huondoka na nitrojeni iliyokuwa ndani ya majani, nawe baadaye waenda dukani kuinunua kwa fedha taslimu.

Najua jawabu la wakata miwa: miwa mibichi yenye majani huwasha mwili, huficha nyoka, na kazi huchelewa. Ni kweli, wala haifai mtu aliye ofisini kulidharau jambo hilo. Mkataji akilipwa bei ile ile kwa miwa yenye majani, ameonewa. Anayetaka kuacha moto hana budi kumwongeza mkataji ujira, kisha alinganishe ongezeko hilo na mbolea atakayookoa. Majani makavu yapangwe kwa mistari kati ya mashina. Yatazuia magugu na kuhifadhi maji wakati wa kiangazi. Kwenye miteremko ya kuelekea Koru na Tamu yatazuia na udongo usiende Nyando. Kwenye mbuga nyeusi inayotuama maji uwe mwangalifu, maana majani mengi huko huweza kuchelewesha machipukizi. Jaribu mistari michache kwanza. Na miwa iliyochomwa isiyochukuliwa upesi hupoteza uzito na utamu, jambo ambalo kila mkulima aliyewahi kungoja trekta siku tatu hahitaji kufundishwa na mimi.

Yurea. Mfuko wa kilo 50 una kilo 23 za nitrojeni. Kwa kipimo cha kawaida, sehemu moja katika mia ya nitrojeni hiyo hupotea kwa njia ya naitrasi oksidi. Ukiibadili, pamoja na hewa ya ukaa iliyofungwa ndani ya yurea yenyewe, mfuko mmoja hutoa kama kilo 130 za daftari hapa hapa shambani, karibu sawa na lita 50 za dizeli. Sisemi usitie mbolea. Miwa isiyotiwa mbolea ni hasara juu ya hasara. Nasema itie kwa mafungu badala ya kwa mkupuo, uifukie kwa udongo, na usiimwage siku ambayo shamba limelowa chapachapa. Yurea inayoondoka na hewa wala haioti muwa.

Ng'ombe. Katika mwongozo wa mwaka 2006, ng'ombe wa Afrika asiye wa maziwa aliandikiwa kilo 31 za methani kwa mwaka. Zidisha kwa 28: ni karibu kilo 870 za daftari. Ng'ombe wa gredi, kwa kuwa hula zaidi, hutoa zaidi. Je, basi ng'ombe wa gredi ni mbaya? Tufanye mfano. Tuseme ng'ombe wa kienyeji atoa kilo 870, naye akupa lita 300 za maziwa kwa mwaka. Kila lita imebeba karibu kilo 3. Tuseme wa gredi, aliyelishwa nepia na desmodiamu vizuri, atoa kilo 1,700, naye akupa lita 2,400. Kila lita imebeba kilo 0.7 tu. Ng'ombe mmoja wa gredi ametoa maziwa ya ng'ombe wanane wa kienyeji, kwa gesi ya wawili. Hapo ndipo faida ya mkulima na faida ya hewa hukutana. Ng'ombe wa kukondesha, anayekaa miaka mitano bila kuzaa, hula majani yako na kujaza ukurasa wa nchi bila kukupa hata kikombe.

FOMU YA KARANI

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike somo hili. Hesabu ya nchi huhitaji vitu viwili: kipimo cha kila kitu kimoja, na idadi ya vitu. Kwa miaka mingi vipimo vyetu vilikopwa kutoka katika mwongozo ule wa jumla, kana kwamba ng'ombe wa Songhor na ng'ombe wa jangwani ni mmoja. Mwaka 2020 Serikali ilitoa hesabu ya ng'ombe wa maziwa wa Kenya kwa miaka ya 1995 hadi 2017 iliyotumia vipimo vya ng'ombe wa hapa nchini. Hayo ni maendeleo makubwa, maana sasa mkulima akilisha vizuri na kupata maziwa mengi zaidi, daftari laweza kuliona jambo hilo. Zamani halikuona ila vichwa.

Lakini idadi yatoka kwako. Nilifika kwa mzee mmoja na fomu yangu, nikamwuliza ana ng'ombe wangapi. Akasema watatu. Nikiwa bado naandika, kijana wa malisho akaingia boma na ng'ombe saba. Mzee akacheka, akaniambia, "Kijana wangu, wale wanne ni wageni." Namwelewa. Wazee wetu walihesabiwa mifugo ili watozwe kodi au wapunguziwe, na hofu hiyo hairudi nyuma kwa siku moja.

Nami sina haki ya kumcheka. Mwaka mmoja mvua ilikata njia, nikaketi mezani nikanakili idadi ya eka zilizochomwa ya mwaka uliotangulia. Baadaye nilipozunguka mashambani nikakuta kwamba mwaka ule miwa mingi ilikuwa imekatwa mibichi, kwa kuwa mvua ilizuia moto. Kwa kalamu yangu niliwachomea watu mashamba ambayo hawakuyachoma. Fomu ilikuwa imekwisha kwenda, na mpaka leo sijui kama yupo aliyeisahihisha.

Tazama hatari yake. Nchi itakapokwenda mbele ya wengine kudai msaada kwa ajili ya mafuriko ya Nyando, itaulizwa daftari lake. Likiwa limejaa makisio, wenye fedha watakuwa na sababu ya kusubirisha. Na mkulima aliyeacha kuchoma, akapanda miti mipakani, akabadili ng'ombe, atalipwa vipi au atasifiwa vipi kwa kazi ambayo haikuandikwa? Ng'ombe "mgeni" hana mtu wa kumtetea.

Kwa hiyo karani akija, mwambie kweli: eka ulizochoma na ambazo hukuchoma, mifuko ya mbolea na jina la mbolea, ng'ombe wa kienyeji mbali na wa gredi mbali, na miti uliyopanda. Fomu hii si ya kodi. Mwombe akusomee alichoandika kabla hajaondoka. Ukiona ameketi kivulini akijaza bila kukuuliza, mzuie.

SWALI LA MWEZI

Mkulima mmoja wa skimu ana eka 5 za miwa. Mwaka huu amechoma eka 3, na 2 zimekatwa mibichi. Ametia mifuko 10 ya yurea. Ana ng'ombe 2 wa kienyeji. Trekta lilitumia lita 40 za dizeli katika shamba lake. Nyumbani kwake wamenunua kilo 20 za sukari iliyotoka Uganda. Mwaka huu ameongeza kilo ngapi katika daftari la Kenya? Na katika zile kilo 20 za sukari, utaandika nini, na kwa nini? Wanaosoma kwa vikundi wajadiliane kwanza, kisha mmoja aandike. Majibu yatatolewa mwezi ujao.